Waya wa bluu, waya mweupe na tela la mama wa Feri

Najua nimepotea. Karibu wiki tano sijaandika kitu humu, na wengine mmeshaanza kunitania kwamba nimedisco kimyakimya nikarudi kijijini. Sijadisco jamani. Nilikuwa PT, kwenye gereji moja Gerezani, na mpaka leo mikono yangu ina harufu ya grisi iliyochanganyika na samaki. Grisi mnaielewa. Habari ya samaki ndiyo nimekuja nayo leo. Ni ndefu kidogo na ina hesabu kidogo. Wale wa sheria na sosholojia rukeni hesabu, ila msiruke pale pa gatini.

Wengi mnajua kwamba nyumbani ni Kigamboni, kwa mjomba. Mjomba anaendesha Hilux ya mama mmoja mfanyabiashara wa samaki pale Feri. Mama anaingia mnadani alfajiri, ananunua changu, kolekole, nguru, siku nyingine jodari mkubwa wa kubebwa na watu wawili, anazika kwenye barafu, halafu mzigo unavuka na pantoni kwenda kwenye mahoteli na migahawa ya ng'ambo. Daraja la Kigamboni lipo tangu 2016, sawa, lakini ukiwa umesimama Feri na samaki wameshapakiwa, kuzunguka mpaka Kurasini ni safari, na barafu haisubiri.

Mwanaye mama yuko Texas. Mwaka juzi akamtumia tela kwenye kontena. Tela zuri, ekseli mbili, magurudumu manne, chuma kizito. Mama akapeleka kwa mafundi wakampigia sanduku la mabati lenye foronya ya povu ndani (nacheka, si foronya, ni povu lile gumu la kuzuia joto, ila mama mwenyewe analiita foronya na sasa sote tunaliita hivyo). Tani moja na zaidi ya samaki na barafu inaingia bila kelele. Tatizo likawa moja tu. Mjomba alikuwa akilisema kila jioni akivua viatu: "Mjomba, lile tela linanisukuma." Yeye ananiita mjomba na mimi namwita mjomba, mnajua mambo yetu.

Kulisukuma gari si mchezo. Pale Feri, kabla ya kuingia kwenye pantoni, unateremka. Gati ni mteremko, na maji yakipwa mteremko unakuwa mkali zaidi. Hilux inakanyaga breki, inataka kusimama, lakini nyuma yake kuna tani moja na nusu haina habari na breki yoyote. Inachotaka ni kuendelea. Mjomba alikuwa na utingo, kijana wa Mbagala, kazi yake kuruka chini na kipande cha gogo na kukitupa mbele ya gurudumu. Hiyo ndiyo ilikuwa breki ya tela.

Sasa mimi mwanafunzi wa uhandisi niko PT, nikasema lete hilo tela gereji tulione. Mjomba akamwambia mama, mama akaniangalia toka juu mpaka chini, akasema, "Haya injinia, lakini sitaki maneno mengi, nataka lisinisukumie gari baharini."

Kabla sijaendelea niwaeleze jambo. Sisi Dar tukisikia breki za tela tunafikiri upepo. Malori yote mnayoyaona yakitoka bandarini yanatumia upepo: mipira miwili kutoka kichwani kwenda kwenye tela, mmoja mwekundu, mwingine wa njano. Na ule mwekundu ukikatika, tela lenyewe linajifunga breki, kwa sababu upepo ndio unaozuia breki zisijifunge. Ni ujanja mzuri sana. Haya matela madogo ya kuvutwa na pikapu, mengi hapa kwetu hayana breki kabisa. Yanaburuzwa tu na jenereta juu yake, na Mungu yupo.

Wamarekani kwa matela ya saizi hii wanatumia umeme. Ndani ya dramu ya kila gurudumu kuna sumaku ya umeme, kitu kama biskuti nene ya chuma. Dereva akikanyaga breki, kidude kilichofungwa chini ya dashibodi, kontrola, kinapeleka umeme nyuma. Sumaku inapata uhai, inang'ang'ania uso wa ndani wa dramu ambao unazunguka, dramu inaiburuza kidogo, na kule kuburuzwa kunavuta mkono wa chuma ambao unapanua breki shuu. Yaani sumaku yenyewe haisimamishi gurudumu. Gurudumu linajisimamisha kwa nguvu zake lenyewe, sumaku inafungua mlango tu. Nilipoelewa hilo nilikaa kwenye kimbweta nikatabasamu peke yangu kama mwehu.

Ubaya wake ni kinyume cha upepo. Upepo ukikosekana, breki zinashika. Umeme ukikosekana, huna breki, na hakuna kinachokuambia mpaka siku uzihitaji.

Haya. Tukalifungua. Wadau, mlichokuwa mnakitarajia ndicho tulichokikuta. Plagi yake ya Kimarekani, ile yenye bapa saba, ilikatwa zamani, ikawekwa ya duara ya pini saba kama zile zinazouzwa Kariakoo kila kona. Hilo si kosa, mahali pa kuchomeka ile ya bapa kwenye gari za hapa utapata wapi. Kosa ni la rangi. Kwenye matela ya Marekani waya wa bluu ni wa breki. Kwenye mpangilio wa Ulaya, ambao plagi za duara zimeufuata, bluu ni ya taa ya ukungu. Aliyebadilisha plagi akaona bluu, akasema taa hiyo, akaiunganisha pamoja na taa za nyuma. Kasokota, kapiga tepu, kamaliza.

Kwa hiyo kila mjomba alipowasha taa usiku breki zilikuwa zinashika? Ndiyo na hapana. Mjomba hasafiri usiku. Lakini nikamuuliza mama kama kuna gari nyingine iliwahi kulivuta. Akafikiri. Akasema siku lilipotoka kwa mafundi wa sanduku lilivutwa na Canter, usiku, na dereva alilalamika njia nzima kwamba tela zito na linanuka. Canter ni volti 24. Sumaku hizi ni za volti 12. Ukiipa volti mara mbili, mkondo unakuwa mara mbili na joto mara nne, tena si kwa sekunde tano za kusimama kwenye taa nyekundu, ni kwa safari nzima. Tukapima: sumaku mbili zina ohm 3.2 kama inavyotakiwa, moja imekatika kabisa, na moja inasoma chini ya ohm 1, maana yake ndani imeshaungua na nyuzi zinagusana.

Nilizipeleka kwa wale jamaa wanaosuka mota. Mzee mmoja akaigonga sumaku na kucha, akasema hii wameimiminia gundi ngumu, nikiifungua naivunja. Ikabidi mwanaye mama anunue mbili huko aliko na kuzituma kwa mtu anayekuja likizo. Zilifika zimeviringishwa kwenye soksi.

Sasa nyaya. Hapa ndipo nilijiona profesa. Waya wa zamani toka plagi mpaka magurudumu ya nyuma ulikuwa mwembamba, kama milimita mraba 1, ukiwa umeungwa sehemu tatu kwa kusokota. Nikapiga hesabu. Sumaku moja ohm 3.2, nne zikiwa sambamba ni ohm 0.8, kwa volti 12 zinataka ampia 15. Waya wa shaba wa milimita mraba 1, mita 10, una ohm 0.17. Kwenda mita 10, kurudi mita 10. Ukijumlisha vyote mkondo unaangukia kama ampia 10 na nusu, na karibu volti 4 zinaishia kupasha waya joto njiani. Na nguvu ya sumaku kushika chuma inafuata takriban mraba wa mkondo, mpaka chuma kishibe. Kwa hiyo theluthi ya mkondo ikipotea, zaidi ya nusu ya mshiko inaweza kwenda na maji. Hapo sijahesabu viungo vilivyosokotwa.

Nikaenda Kariakoo kutafuta waya wa milimita mraba 6. Ushauri wa bure: ukinunua waya nenda na kisu. Duka la kwanza kaka alinihakikishia "shaba tupu hii, mwanangu," nikakwangua uzi mmoja, ndani mweupe. Aluminiamu iliyopakwa shaba. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba, na ukiufunga kwenye bolti unalegea wenyewe kadiri siku zinavyokwenda. Nikamwonyesha, akacheka, akasema "huo ni wa bei hiyo." Duka la tatu nikapata wa kweli, tena ule laini wa nyuzi nyingi, maana ule wa nyumba wenye nyuzi saba nene unachoka na mtikisiko. Bei ilinifanya nimpigie mama simu kabla ya kulipa. Hela ilitosha mita 12. Kumi na mbili tu.

Mita 12 ni za kwenda.

Hapo ndipo mngeweza kunisimamisha. Mchoro wangu wa kwenye kimbweta ulikuwa na waya wa kwenda na wa kurudi, wote wanene. Lakini kila gari unayoijua inatumia bodi kurudisha umeme, si ndiyo? Chuma chote kile cha tela ni ethi. Waya mweupe wa ethi ulikuwepo, mwembamba, umefungwa kwa bolti kwenye chasisi. Nikasema chuma kinene vile kina ukinzani gani. Nikauacha.

Fundi wangu pale gereji, mzee wa umeme wa magari, maneno yake machache, siku hiyo alikuwa msibani Mbagala. Aliniachia maagizo: fanya, ila usilitoe mpaka nirudi. Mama akapiga simu, ana oda ya harusi Jumamosi. Nikapima. Nikachukua mita yangu ya kidijitali, nikaweka ncha moja kwenye waya wa sumaku na nyingine kwenye chasisi, mjomba akabonyeza mkono wa kontrola. Volti 12.5! Nikanyanyua kila gurudumu kwa jeki, nikalizungusha kwa mkono, mjomba akabonyeza, gurudumu likasimama kapa. Manne yote. Nikampigia mama nikamwambia limepona. Nilitumia neno hilo hilo.

Siku kumi za kwanza mjomba aliniimba mtaa mzima. Linashika, mjomba, linashika kama mtu amelishika mkia. Utingo akaacha kuruka na gogo. Mimi kichwa kikawa kikubwa, nikaanza hata kuchora jinsi ya kuyafunga matela mengine pale Feri, na kuhesabu hela.

Siku ya kumi na nne, Alhamisi, nilikuwa nao kwenye gari kwa sababu nilitaka lifti ya kwenda nyumbani. Saa moja na nusu asubuhi, maji yamekupwa. Pantoni imefika, abiria wa Kigamboni wamemwagika kama kawaida, na nyuma yao baiskeli, maguta, mikokoteni. Tukaitwa. Mjomba akaingiza gia ya kwanza, tukaanza kuteremka, akakanyaga breki taratibu. Nikahisi kitu mgongoni. Msukumo mdogo, kama mtu anayekuomba upishe. Akakanyaga zaidi. Magurudumu ya nyuma ya Hilux yakaanza kuteleza kwenye zege lenye maji na magamba ya samaki, na tela likaanza kuja ubavuni. Niliona sanduku la mabati kwenye kioo cha pembeni, mahali ambapo halitakiwi kuonekana.

Chini yetu kulikuwa na kijana anapandisha mkokoteni wa nazi.

Mjomba alibonyeza mkono wa kontrola mpaka mwisho. Hakuna. Yaani kulikuwa na kitu kidogo, kama mtu anayekushika shati wakati unahitaji akushike kiuno. Utingo akafungua mlango gari likiwa linatembea, akaruka, gogo hana kwa sababu mimi nilimwambia hahitaji tena. Akachukua jiwe. Sijui alilipata wapi. Kijana wa nazi aliachia mkokoteni akaruka pembeni, tela likaukandamiza mkokoteni dhidi ya kingo ya gati, na hapo ndipo vyote viliposimama: Hilux imepinda, tela limepinda, nazi zinateremka zenyewe kuingia majini, moja moja.

Hakuumia mtu. Naandika hivyo haraka kwa sababu nyie mnataka kujua, lakini pale gatini haikuwa haraka. Kijana alikuwa amekaa chini amejishika mguu na kila mtu anapiga kelele na mimi nilikuwa siwezi kutoka kwenye gari. Miguu ilikataa. Alikuwa amechubuka goti. Alipoinuka akaanza kulilia mkokoteni, siyo goti, kwamba ni wa kukodi.

Mama alikuja mbio toka sokoni na khanga kiunoni. Mjomba akamwambia, "Ni mimi, nilikanyaga vibaya." Hakuniangalia. Miaka kumi na moja anaendesha ile gari, na mama alishamwambia mwaka jana kwamba akigonga tena basi. Nilimsikia anavyosema, nikawa na nafasi ya kama sekunde tatu za kunyamaza, na nakiri kwenu kwamba nilizitumia zote. Halafu nikasema hapana mama, ni mimi, breki nilifunga mimi na sikusubiri fundi. Mama hakugomba. Angegomba ningefurahi. Alisema tu, "Kumbe," akaenda kuongea na kijana wa mkokoteni.

Jioni tukalivuta tela mpaka Gerezani kwa mwendo wa kinyonga, kwa barabara isiyo na mteremko. Fundi alikuwa ameshasikia, Feri na Gerezani habari zinafika kabla ya gari. Hakusema nilikwambia. Aliniuliza, "Ulipima na nini?" Nikamwonyesha mita. Akasema pima tena. Nikapima, sumaku zikiwa zimechomolewa kama nilivyofanya mara ya kwanza ili nipate ncha safi ya waya. Volti 12.4. Nikajisikia kuchanganyikiwa kabisa.

Akaingia stoo akatoka na bulbu ya zamani ya taa ya mbele ya gari, ya wati 55, yenye nyaya mbili za mamba. Akafunga mamba mmoja kwenye waya wangu mzuri wa milimita 6, mwingine kwenye chasisi ya tela pale nyuma. Mjomba akabonyeza. Bulbu ikawaka nyekundu, kama kaa la mkaa linalokufa. Akahamisha ule mamba wa pili kutoka chasisi ya tela, akauvuta kwa waya mrefu mpaka hasi ya betri ya Hilux. Mjomba akabonyeza. Bulbu ikatuangaza usoni.

"Umeme unakwenda na unarudi, dogo," akasema. "Wewe umejenga barabara ya kwenda tu."

Aibu niliyoisikia siwezi kuiandika. Kwa sababu hilo ni somo la mwaka wa kwanza! Mita haivuti mkondo, ukipima bila mzigo hata waya ulioza unakuonyesha volti zote. Nimelijibu hilo swali kwenye mtihani, nikapata maksi zote, na desa ninalo mpaka leo. Bulbu yake ya taa ya zamani inavuta zaidi ya ampia 4, kwa hiyo inauliza swali ambalo mita yangu haikuuliza.

Tukarudisha sumaku, tukapima zikiwa zinafanya kazi. Betri 12.4. Waya wa bluu kule nyuma, ukilinganisha na hasi ya betri, 11.6. Safi, waya wangu umekula chini ya volti 1 pamoja na kontrola. Lakini kati ya ncha mbili za sumaku yenyewe: 6.9. Volti karibu 5 zilikuwa zinapotea kwenye kurudi. Tukafungua ile bolti ya ethi. Chini yake rangi haikukwanguliwa, na juu ya rangi kulikuwa na unga wa kijani na kahawia. Maji ya barafu yenye chumvi yalikuwa yanatiririka kutoka sandukuni moja kwa moja juu ya ile bolti, kila siku, kwa siku kumi na nne. Siku ya majaribio umeme ulikuwa unarudi kwa kubahatisha, nusu kupitia bolti na nusu kupitia kile kichwa cha kuvutia, chuma kwa chuma. Halafu utingo, kijana mwenye bidii, akakipaka grisi.

Kazi ya pili tulifanya siku mbili, na fundi alikaa juu ya tairi akiniangalia. Hela ya waya nilitoa kwenye bumu, ndiyo maana mmeniona nakula chapati kavu wiki hizi. Waya wa kurudi nao milimita 6, moja kwa moja kutoka sumaku mpaka plagini, na kutoka plagi ya Hilux mpaka hasi ya betri. Chasisi haihusiki tena. Kila ekseli ina tawi lake kutoka kwenye kisanduku kimoja kilichofungwa juu, ndani ya mkono wa fremu, mahali maji ya samaki hayafiki. Hakuna kusokota. Kila kiungo kimebanwa kwa koleo, kimepigwa solda mwishoni pale panapotokeza, kikavishwa mpira wa kusinyaa wenye gundi. Ule waya uliokuwa unapita ndani ya bomba la ekseli kwenda gurudumu la upande wa pili tuliutoa, maana ulipokuwa unagusa ukingo wa tundu ulikuwa umeshaanza kuvuliwa ngozi. Ungenipa shoti baada ya miezi miwili na ningelaumu chumvi tena. Sasa unapita nje, nyuma ya ekseli, ndani ya mpira, umefungwa kila sentimita ishirini.

Kwenye gari: kontrola inachukua umeme betrini kwa waya wake yenyewe, na fyuzi ya ampia 20. Na kwenye plagi tuliandika kwa rangi ya kucha ya mke wa fundi, BREKI 12V, kwa ajili ya mwenye Canter ajaye.

Fundi akaongeza kitu ambacho mimi sikuwa nacho kwenye mchoro kabisa. Betri ndogo ya volti 12, zile za UPS, juu ya mkono wa tela, na swichi yenye pini iliyofungwa kwa kamba ya chuma kwenye Hilux. Tela likichomoka, kamba inavuta pini, betri ile inapeleka umeme kwenye sumaku zote nne hapo hapo. Tela lilikuja na mahali pake tayari, kishikio kitupu, na mimi nilikuwa nimekiona nikadhani ni cha kuwekea chupa ya maji. Fundi alicheka mpaka akakohoa. Nikamwuliza, sasa ndiyo limekuwa kama upepo? Akasema hapana, hiyo betri nayo mtu asipoichaji inakufa, upepo hauhitaji kukumbukwa.

Halafu tukapima kwa bulbu, siyo kwa mita. Halafu kwa mita sumaku zikivuta: 11.3 kwenye kila gurudumu. Halafu, na hili ndilo nililoliruka mara ya kwanza, tukajaza sanduku mawe na maji, tani moja na zaidi, tukaenda kwenye mteremko wa barabara ya vumbi Kigamboni asiko mtu, tukateremka mara kumi na mbili. Ile namba ya nguvu kwenye kontrola tuliipandisha mpaka magurudumu yakaburuta, tukaishusha kidogo. Kwa tela tupu inabidi ishushwe zaidi, la sivyo linafunga magurudumu na kuruka kama mbuzi. Mjomba ameziandika namba mbili kwa kalamu kwenye dashibodi, MZIGO na TUPU.

Mkokoteni wa kijana tuliugawana, mama nusu, mimi nusu, na nusu yangu ninailipa kwa kumpigia mama hesabu za oda zake kila Jumapili, kazi ambayo ni ngumu kuliko nyaya. Nazi tulilipa siku ile ile. Kijana ukimkuta pale Feri ananiita Injinia Nazi. Sasa na wenzake wananiita hivyo.

Kitabu changu cha PT kina ukurasa mzima wa ile bulbu. Mwalimu wangu alipokuja kukagua alisoma, akauliza kwa nini nimeandika kosa langu wakati angeweza asijue. Sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia mjomba wangu angejua.

Wiki iliyopita nimevuka nao tena, maji yamekupwa vilevile. Mjomba akakanyaga, tela likashika, Hilux ikatulia kwenye mteremko kama imeegeshwa. Nikageuka kumwangalia utingo nione anasemaje. Hakuwepo kwenye kiti. Alikuwa ameshashuka, anatembea pembeni ya gurudumu la nyuma, na gogo lake mkononi. Mjomba hakumwambia arudi ndani, na mimi pia sikumwambia.